Mpitishe mtoto wa kilo 10 kwenye mpango wako wa maafa

Mipango mingi ya maafa iliyofungiwa kwenye makabati ya hospitali imeandikwa kwa ajili ya mtu mzima. Mgonjwa wa kwenye mpango anatembea, anajua jina lake, anaonyesha panapouma, na chupa ya dripu ya lita moja inamfaa. Mtoto anatokea ukurasa wa mwisho, kwa sentensi moja: "Watoto wapewe kipaumbele." Muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo watoto kumi na wanne wanapoingia kwa mkupuo.

Kabla ya kununua chochote, fanya hivi. Chukua mpango ulio nao, kaa na watu wa mapokezi, wodi, famasia na stoo, kisha mpitisheni humo mtoto mmoja wa kilo 10. Ana umri wa mwaka mmoja hivi. Ametolewa kwenye kifusi, amebebwa na mtu asiyemfahamu, hasemi, na mama yake hajulikani alipo. Mfuateni kuanzia getini hadi siku ya kuruhusiwa. Kila mpango unapokwama, andikeni.

Msijipe moyo kwamba atapelekwa hospitali ya watoto. Siku ya maafa watu hukimbilia mlango ulio karibu, na barabara ya kwenda hospitali kubwa huenda imekatika. Marekani, nchi yenye hospitali za watoto nyingi na nzuri, ilipima utayari wa vitengo vyake vya dharura mwaka 2013. Zaidi ya vitengo 4,000 vilijibu, na chini ya nusu yao vilikuwa na mpango wa maafa unaowagusa watoto. Upimaji huohuo ulionyesha jambo lisilohitaji fedha nyingi: vitengo vyenye daktari au muuguzi aliyekabidhiwa rasmi jukumu la watoto vilikuwa tayari zaidi kuliko visivyokuwa naye. Kwa hiyo mteueni mtu huyo leo, kwa barua. Jukumu likiachiwa "kila mtu", hakuna atakayekagua kabati.

Getini

Mtoto wetu anakutana kwanza na triaji, yaani kupanga nani atibiwe kwanza. Sehemu nyingi hutumia utaratibu wa START, uliotengenezwa kwa watu wazima: anayetembea ni kijani (anaweza kusubiri), anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu (atibiwe mara moja), na asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa ni nyeusi (hatarajiwi kupona). Kwa mtoto wa mwaka mmoja utaratibu huu unakosea pande zote mbili. Mtoto mzima wa afya anayelia anaweza kupumua mara 35, akapewa nyekundu bure na kumchukulia nafasi anayeihitaji. Upande wa pili ndio unaoua. Moyo wa mtoto mara nyingi husimama baada ya pumzi kukata, tofauti na mtu mzima ambaye moyo wake mara nyingi ndio unaotangulia. Kuna dakika chache ambapo hapumui lakini mapigo yapo, na pumzi chache tu zinaweza kumrudisha.

Ndiyo maana kuna JumpSTART, iliyotengenezwa kwa watoto wa kati ya mwaka 1 na 8. Fungua njia ya hewa. Hapumui? Tafuta mapigo. Yapo? Mpe pumzi 5 kwa ambu, yaani mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono. Akianza kupumua ni nyekundu. Asipoanza ni nyeusi. Kiwango cha pumzi kinachompa nyekundu ni chini ya 15 au zaidi ya 45 kwa dakika. Mtoto mchanga anayebebwa hatembei hata siku ya kawaida, kwa hiyo kigezo cha kutembea hakimhusu. Apimwe moja kwa moja. Chapisha hatua hizi kwenye karatasi ngumu, nyuma ya ile ya watu wazima, na ambu ya mtoto ikae pale getini. Ikiwa ambu iko chumba cha upasuaji, hizo pumzi 5 zimebaki kwenye karatasi.

Mfundishe pia mtu wa getini kuogopa ukimya. Anayelia kwa nguvu ana hewa na ana fahamu. Aliyelegea na kutulia kwenye bega la aliyembeba ndiye wa kukimbiliwa.

Hapo getini ndipo anapoanza kupoteza joto. Ngozi ya mtoto ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupoa haraka kuliko mtu mzima aliyelala pembeni yake. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike mpaka kichwani, kisha endelea. Kama ni ajali ya kemikali na lazima aoshwe, maji yawe ya vuguvugu, nyuzi 37 hivi, yasiyotoka kwa kishindo, na mtu amshike wakati wote kwa sababu mwili wenye sabuni unateleza. Hospitali nyingi zina hema la kuoshea na bomba la maji baridi tu. Kwa kijana mwenye nguvu ni usumbufu. Kwa mtoto wa kilo 10 ni jeraha la pili.

Uzito kwanza

Kila kitu kinachofuata kinategemea uzito: dozi, maji, ukubwa wa mpira wa kupumulia. Mizani ikiwepo, mpime. Isipokuwepo, tumia utepe wa urefu kama Broselow, unaolazwa kando ya mtoto kuanzia utosini hadi kisiginoni na kukupa uzito wa kukadiria. Utepe huo humpa mtoto aliyekonda uzito mkubwa kuliko alionao, na mnene humpunguzia, kwa hiyo tumia na macho. Bila utepe, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, chukua umri, ongeza 4, zidisha kwa 2. Wa mwaka mmoja anapata kilo 10. Andika uzito kwa kalamu nene juu ya faili na kwenye utepe wa mkononi, kwa kilo. Namba isiyo na kipimo ni hatari.

Kisha bandika ukutani jedwali la dozi zilizokwisha kokotolewa kwa uzito wa kilo 3, 5, 10, 15, 20 na 30. Saa nane usiku, taa zikiyumbayumba, mtu asipige hesabu kichwani. Mstari wa kilo 10 unaweza kusomeka hivi:

Damu yote mwilini: mililita 800.
Maji ya dripu kwa aliyepoteza damu: mililita 100 hadi 200, kisha mkague upya.
Glukosi ya asilimia 10, sukari ikishuka: mililita 50 kwenye mshipa.
Adrenalini ya 1:10,000, moyo ukisimama: mililita 1.
Diazepamu ya miligramu 10 kwa mililita 2, degedege, kwa njia ya haja kubwa: mililita 1.
Parasetamoli: miligramu 150.

Mfamasia na daktari wa watoto walikague jedwali dhidi ya mwongozo wa nchi na dhidi ya chupa halisi zilizopo stoo, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika. Jedwali linasema glukosi ya asilimia 10, stoo ina ya asilimia 50. Basi andika chini yake: mililita 10 za asilimia 50 changanya na mililita 40 za maji safi ya sindano, unapata mililita 50 za asilimia 10. Adrenalini vilevile: kichupa cha 1:1,000 kina nguvu mara kumi ya kile cha 1:10,000, na vyote vinaitwa adrenalini. Kosa la mara kumi ndilo kosa kuu la dozi za watoto, na mara nyingi chanzo chake ni nukta. Andika 5, usiandike 5.0, andika 0.5, usiandike .5. Bomba la sindano la mililita 1 liwepo kwa wingi, maana ukipima mililita 0.3 kwa bomba la mililita 10 unakisia tu.

Rudi kwenye ule mstari wa damu. Mililita 800. Jeraha la kichwani linalomwaga mililita 200, kiasi cha glasi ya maji, limechukua robo ya damu yote ya mtoto huyu. Presha yake bado inaweza kusoma vizuri, kwa kuwa mtoto hubana mishipa na kukimbiza moyo mpaka dakika ya mwisho, halafu anaporomoka ghafla. Usisubiri presha ishuke. Angalia mikono na miguu iliyopoa, mapigo ya haraka na dhaifu, na rangi ya ngozi inayochukua zaidi ya sekunde 3 kurudi baada ya kuibonyeza.

Na sasa ile dripu ya lita moja. Ukiifungua na kugeukia mgonjwa mwingine, mtoto wa kilo 10 anaweza kuingiziwa maji mengi kuliko damu yake yote. Tumia chemba ya kupimia ya mililita 100, au bomba la mililita 50 lenye kiunganishi cha njia tatu: mabomba mawili, simama, mkague. Kama huna hata hivyo, tundika chupa iliyobakizwa kiasi unachotaka kiingie tu. Tahadhari ya ziada ni kwa watoto wenye homa kali wanaoletwa wiki za baadaye: utafiti mkubwa wa Kenya, Uganda na Tanzania uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa aina hiyo waliopewa maji mengi ya haraka walikufa zaidi ya wale ambao hawakupewa. Aliyevuja damu na mwenye homa hawatibiwi kwa chupa moja.

Kabati, oksijeni na umeme

Orodha ya kabati la watoto si ndefu: ambu ya mililita 250 na ya mililita 500, barakoa zake namba 0, 1 na 2, kanula za mshipani namba 22 na 24, sindano za kuingizia maji kwenye mfupa, mipira ya kunyonyea makohozi namba 6, 8 na 10, mpira wa kulishia wa namba 8, mikanda ya presha ya saizi tatu, na kihisio cha watoto cha oksimita, mashine ya kupima oksijeni ya damu. Kile cha kubana kidole cha mtu mzima hakikai kwenye kidole cha mtoto mdogo na husoma uongo. Kitambaa kilichokunjwa unene wa sentimita 2 au 3 kiwemo pia, cha kuweka chini ya mabega. Kisogo cha mtoto ni kikubwa, akilala chali shingo inajikunja mbele na hewa inaziba. Ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosahaulika.

Vitu hivi visifungiwe kwenye sanduku lililoandikwa "maafa". Sanduku la namna hiyo likifunguliwa baada ya miaka mitatu lina mipira iliyokauka, betri zilizovuja na dawa zilizopita muda. Shehena ya ziada ipitie wodini: mpya iingie nyuma, ya zamani itumike kwanza.

Oksijeni ipigiwe hesabu, isikadiriwe kwa macho. Mtoto mchanga hutumia lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, wa mwaka mmoja lita 1 hadi 2. Watoto sita wa lita 2 ni lita 12 kwa dakika, au lita 17,280 kwa siku. Mtungi mkubwa hubeba lita 7,000 hivi ukijaa, kwa hiyo siku moja inakula mitungi miwili na nusu, weka minne. Mashine za kuzalisha oksijeni ni nzuri na kigawanyio kinaiwezesha moja kuhudumia watoto kadhaa, lakini zinakufa na umeme. Mitungi iwepo hata kama mashine zipo.

Umeme nao una ugonjwa wake. Kimbunga Sandy kilipopiga New York Oktoba 2012, jenereta za hospitali moja zilikuwa juu, salama kabisa, ila pampu za mafuta zilikuwa chini na zikafunikwa na maji. Watu walipanga mstari kwenye ngazi na kupandisha mafuta kwa mikono, ghorofa 13. Jirani yake, watoto wachanga 20 wa uangalizi maalumu waliteremshwa ghorofa tisa kwa ngazi gizani mikononi mwa wauguzi, baadhi wakipumulishwa kwa ambu hatua kwa hatua. Kwa hiyo usiulize tu jenereta iko wapi. Uliza mafuta, pampu, swichi na nyaya ziko wapi, na maji yakifika kiunoni kipi kinazimika.

Kwa watoto njiti kuna kinga isiyotegemea nyaya. Matunzo ya kangaruu, mtoto kifuani mwa mama au ndugu, ngozi kwa ngozi, yanashauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa saa 8 hadi 24 kila siku hata penye vifaa vyote. Wodi inayoyafanya kila siku haitahangaika inkyubeta zikizimika. Inayoyasoma tu itahangaika.

Maji: panga lita 40 hadi 60 kwa kila mgonjwa aliyelazwa kwa siku. Watoto 20 kwa siku tatu ni lita 3,600 kwa kiwango cha juu, na hapo mama zao hamjawahesabu.

Huyu ni mtoto wa nani?

Sehemu hii hospitali huiachia polisi au ustawi wa jamii, na ni kosa. Baada ya vimbunga Katrina na Rita mwaka 2005, Marekani ilipokea ripoti za watoto zaidi ya 5,000 waliopotezana na familia zao, na ya mwisho ilifungwa mwaka uliofuata. Mtoto asiyesema ana vitambulisho vichache, na hospitali huvitupa saa ya kwanza: nguo zinachanwa na kwenda kwenye taka, aliyemleta anaondoka bila kuulizwa, vumbi linaoshwa na sura inabadilika.

Mpigeni picha kabla ya kumsafisha na baada ya kumsafisha. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wenye namba yake. Aliyemleta aulizwe mambo matatu kabla hajageuka: umemtoa wapi hasa, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo. Namba moja ikae mkononi, kwenye faili, kwenye picha na kwenye mfuko wa nguo. Akihamishwa, namba iandikwe na mgongoni kwa kalamu isiyofutika, maana vitepe vya mkono hukatwa wakati wa kutafuta mshipa. Mama aliyejeruhiwa na mtoto wake wapande gari moja. Hili liandikwe kama amri, kwa sababu dereva mwenye haraka hatalikumbuka.

Anapokuja mtu kumdai, usimpeleke kitandani na kuuliza, "Ni huyu?" Mzazi aliyechanganyikiwa anaweza kusema ndiyo kwa mtoto wa mwenzake, na mwenye nia mbaya hakika atasema ndiyo. Aeleze kwanza: alama, makovu, meno, nguo alizokuwa amevaa. Ndipo aone picha, ndipo amwone mtoto, mbele ya mashahidi wawili, na kila mmoja atie sahihi. Picha zisitumwe kwenye makundi ya simu hata kwa nia njema.

Watoto wasioumia wanahitaji chumba chao chenye mlango mmoja na watu wazima wasiopungua wawili kila wakati. Kando yake tengeneza kingine cha watoto wa wafanyakazi. Muuguzi asiyejua wanawe wako wapi haji kazini, na hatuoni haki ya kumlaumu.

Wiki ya pili

Majeraha yakipungua wanakuja wengine: kuhara, nimonia, surua. Chanjo ya surua kambini iwahi, kuanzia miezi 6 hadi miaka 14, pamoja na vitamini A: uniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea. Mtoto wetu wa kilo 10 akiharisha na kuanza kukauka anahitaji mililita 750 za ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, ndani ya saa 4, kijiko baada ya kijiko. Akitapika mnasubiri dakika 10 na kuendelea polepole zaidi. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Utepe wa kupima mzingo wa mkono wa juu ukisoma chini ya milimita 115 ana utapiamlo mkali, na hapo kanuni za maji na dawa zinabadilika.

Misaada ya maziwa ya kopo ipokelewe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana. Baada ya tetemeko la Yogyakarta mwaka 2006 maziwa yaligawiwa ovyo, na watoto waliopewa waliharisha takriban mara mbili ya wasiopewa. Maji machafu, chupa zisizochemka, na mama aliyeacha kunyonyesha kwa kuamini kwamba hofu imemkausha. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kushuka, haiyamalizi. Mama apewe maji, chakula, pembe yenye faragha na mtu wa kukaa naye. Maziwa ya kopo yawe kwa mtoto ambaye imethibitika hana wa kumnyonyesha, pamoja na kikombe na maji salama, mpaka umri wa kuyaacha.

Wapo pia waliokuwa wagonjwa kabla: wa kisukari, selimundu, kifafa, VVU, wa oksijeni nyumbani. Orodha yao iwepo tangu sasa, na kila familia iwe na dawa za akiba za wiki mbili na kadi fupi ya ugonjwa, dawa na dozi.

Zoezi

Jaza mfuko mchanga kilo 10, ufunge kwenye nguo ya mtoto, uupeleke mlango wa dharura saa nane usiku bila kutangaza. Usiwaambie uzito. Pima muda wa mambo matatu: hadi uzito ulipoandikwa, hadi ambu sahihi ilipofika, hadi dozi ya kwanza iliyo sahihi ilipovutwa kwenye bomba. Asubuhi chagueni dosari tatu, si ishirini, kila moja na jina la mtu na tarehe. Baada ya miezi mitatu rudisheni mfuko uleule kwa zamu nyingine. Na uanze kwa kuuliza funguo za kabati la watoto ziko kwa nani, kwa sababu mara nyingi ziko nyumbani kwa aliyemaliza zamu jioni.